Mshenga wa Kochini

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujivuna wala kwa kuomba radhi. Ni hali tu, kama mtu mwingine alivyo mrefu. Kabla ya korona, kazi ikiisha pale kiwanda cha mapazia Lidcombe, nilikuwa napanda treni kituo kimoja hadi Auburn, nafungua mlango, navua viatu, na dunia hainioni tena mpaka kesho yake asubuhi. Mke wangu ni muuguzi, ana marafiki hadi mitaa ambayo mimi naijua kwa kutangazwa kwenye treni tu. Alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na fanicha.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza, katikati ya mwaka 2021, kwamba watu wa Sydney wote wakae ndani, nilisikiliza ile hotuba kama mtu anayesomewa wosia wa tajiri akasikia jina lake limo. Kiwanda kikafungwa. Mtaa wetu ukawekewa masharti makali kuliko mitaa ya wenye bahari: usitoke ovyo, usivuke kilomita tano, ukitoka kunyoosha miguu ni saa moja tu na barakoa usoni, na helikopta ya polisi inakuzungukia juu kana kwamba umeiba ng'ombe. Watu walilia. Mimi niliagiza mto mpya wa kochi kwa mtandao.

Mke wangu aliendelea kwenda hospitali kila siku, akirudi na alama za barakoa mashavuni, ananikuta pale pale.

"Umetoka leo?"

"Nimekatazwa."

"Na mwaka juzi ulikuwa umekatazwa na nani?"

Nikaugeuza mto wangu mzuri upande wa pili, tukaishi vizuri hivyo hivyo mpaka Septemba, dada yangu mkubwa aliponipigia simu kutoka Changamwe, Mombasa.

"Uko wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Kaa chini nikuambie jambo."

"Nimekaa, dada."

"Hilo nalo sijui kwa nini nimelisema."

Jambo lenyewe lilimhusu mwanawe. Kijana huyo alikwenda China kusomea uhandisi wa barabara. Akamaliza, mipaka ikafungwa, akabaki huko huko akifundisha Kiingereza katika shule ya msingi, kwenye wilaya moja kongwe ya mji wa kusini ambao jina lake nimelifanyia mazoezi sana na bado wenyewe hucheka nikilitaja. Hapo shuleni alikuwepo mwalimu wa hesabu. Mengine unaweza kuyakisia. Walipendana, wakaelewana, kijana akavaa shati akaenda kwa wazazi wa msichana kusema haja yake. Baba mtu akamtazama, akamkaribisha chai, akamwambia kwamba yeye hampi binti yake mtu aliyekuja peke yake kama anayetafuta chumba cha kupanga. Kijana hana watu? Kama anao, mkubwa wao mmoja ajitokeze. Asipojitokeza mtu, maneno yameishia kwenye chai.

"Baba yake ni marehemu," dada akasema. "Wewe ndiye mjomba. Na isitoshe wewe ndiye uko karibu."

"Karibu na wapi?"

"Na China! Si uko huko huko?"

Nilinyanyuka, jambo ambalo si dogo, nikachukua rula na ramani. Kutoka Sydney hadi huko, na kutoka Mombasa hadi huko, tofauti ni upana wa ukucha. Nikamweleza. Akasema ukucha ni ukucha.

"Dada, mimi hata kwenda duka la Fairfield naweza kutozwa faini."

"Nani amekuambia uende? Utakwenda kwa simu. Siku hizi hata mazishi tunakwenda kwa simu. Mpwa wako ana umri wa kuoa, na huyo mzee amesema mara moja, hatasema mara mbili. Ukimwangusha mtoto wangu, usinipigie tena Krismasi."

Sasa, kwetu mshenga si mtu wa kuokotwa. Ni mtu mwenye miguu na ulimi. Huenda kwa watu asiowajua, hukaa kwenye kiti chao kibovu akakisifu, hufukuzwa leo akarudi wiki ijayo amebeba tabasamu lile lile, hula chakula chao kwa adabu. Katika sifa hizo zote mimi nilikuwa na ile ya kula.

Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Wewe? Mshenga? Mimi mwenyewe aliyekuja kwetu kuniposa ni binamu yako. Wewe ulibaki garini."

"Kulikuwa na jua."

"Ulisema kuna jua! Ndiyo! Baba yangu mpaka leo anamwona binamu yako ndiye mkwe."

Jioni mpwa wangu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu, na mimi niliyezoea utani wake nilijua hapo kwamba mambo si mchezo.

"Anko, huyu mzee si mbaya. Alifundisha historia maisha yake yote, pale sekondari ya wilaya. Amestaafu tu. Yeye anasema mtu anaweza kudanganya akiwa ameketi, lakini ukitembea naye utamjua. Kwa hiyo kwanza atakutembeza wilaya yao, akuonyeshe mashule na majengo ya kale. Maneno baadaye."

"Atanitembeza vipi na mimi niko kochini?"

"Nitakubeba kwenye simu. Wewe sifia tu. Kila kitu sifia."

"Na nani atatafsiri?"

Akakohoa. "Mimi."

Maishani nimekutana na wakalimani waongo wa kila aina, lakini nilikuwa sijamwona mkalimani anayejiposea mwenyewe.

Jumapili ikafika. Mke wangu alinivalisha shati la harusi za watu wengine, akalisogeza kochi mbele ya pazia la kiwandani kwetu, lile zito la bluu, ili mandhari yawe ya heshima. Mwenyewe akaketi pembeni nje ya kamera na bakuli la njugu, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Mzee akatokea kwenye kioo. Nywele nyeupe zimesimama kama brashi, koti limefungwa zipu hadi kooni ingawa kwao kulikuwa na joto na kila aliyepita nyuma yake alikuwa na feni ya mkononi. Nyuma yake mkewe, mama mfupi mwenye chupa ya chai, hasemi kitu. Binti hakuwepo. Kumbe kwao pia, mtu ambaye mambo yake yanazungumzwa hawekwi barazani. Hilo lilinipa moyo. Nikaona watu hawa ni watu.

Tukaanza safari. Mzee mbele, akinyoosha kidole, mpwa wangu akihema nyuma na mimi mkononi mwake.

Kwanza lilikuwa lango la mawe katikati ya uchochoro, halizuii kitu wala halifungui kitu, limesimama tu, pikipiki zinapita chini yake. Mzee akaeleza kwamba lilijengwa zamani za wafalme kwa heshima ya kijana wa mtaa ule aliyefaulu mtihani mkubwa wa dola. Mtihani! Wakamjengea lango kwa ajili ya mtihani. Nilikumbuka matokeo yangu ya kidato cha nne, ambayo baba aliyasoma, akayakunja, akayaweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Hongereni sana," nikasema. "Kwetu aliyefaulu huchinjiwa mbuzi. Tatizo la mbuzi ni kwamba jioni hakuna tena ukumbusho."

Mpwa wangu akatafsiri. Akatafsiri, akaendelea kutafsiri, akapumua, akatafsiri tena. Nilisema sentensi tatu, yeye alitoa hotuba. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema, Anko. Nimekitia chumvi kidogo tu."

Kisha likaja hekalu la mwalimu wao wa kale, ambako wazazi huenda kufunga karatasi nyekundu msimu wa mitihani ili watoto wasisahau majibu. Kisha shule ya matofali mekundu iliyojengwa na wamisionari, yenye madirisha marefu kabisa kama ya ile niliyosoma mimi, hata nikatazama pembeni kumtafuta mwalimu wa zamu. Kisha jumba la ukoo mmoja mkubwa ambalo sasa ni chekechea. Mahali palipokuwa pa kuabudia mababu pametundikwa vikombe vya plastiki vyenye picha za panda. Kila tulipofika nilisifia. Lakini sifa nazo huisha, jamani. Nilianza na "hongereni sana," nikashuka hadi "ni zuri mno," na ilipofika saa ya pili nilikuwa nikitoa "aha, safi" kama mtu anayerudishiwa chenji.

Kamera ikageuka, nikaona kijumba kizuri chenye paa lililopinda ncha kama mashavu ya mtu anayetabasamu. Kabla mzee hajafungua mdomo nikasema, "Na hili ndilo limenigusa kuliko yote."

Mama wa chai akaangalia kando.

"Anko," mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "hicho ni choo cha umma."

Pembeni yangu njugu ziliingia njia isiyo yake, mke wangu akakohoa mpaka akaenda jikoni.

Mwisho tukafika kwenye sekondari alikofundisha mzee. Hapo hakuongea sana. Ukuta wa kale wa mji, kipande chake kilichobaki, unapita katikati ya uwanja wa shule, umeota majani, na wanafunzi wamechora kwa chaki goli la mpira juu yake. Mzee aliweka kiganja kwenye ukuta, akasimama. Sikusifia kitu. Si kwa hekima; nilikuwa nimeishiwa.

Halafu akageuka akanitazama moja kwa moja kwenye kamera, akasema maneno machache ambayo safari hii mpwa wangu aliyatafsiri kwa ufupi wa kutisha.

"Anasema amekuonyesha kwao. Sasa anataka kuona kwenu. Shule zenu na majengo yenu ya kale. Jumatano."

"Kwetu Changamwe? Mwambie dada yako mdogo abebe simu…"

"Hapana, Anko. Hapo. Unapokaa wewe."

Nilikuwa nimekaa Auburn miaka tisa. Nilifahamu kituo cha treni, duka la mchele, mwuza nyama, na njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Nilimwambia mke wangu kwamba mtaa wetu hauna cha kale. Kila kitu hapa ni gereji na duka la matairi. Akanijibu kwamba watu wengi hukisifu wasichokijua, lakini mimi ndiye wa kwanza anayekitukana.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko, kwa hiyo tukatoka wote, barakoa usoni, katika ile saa yetu moja halali ya mazoezi. Yeye alishika simu. Upande wa pili walikuwa wameketi sebuleni kwao: mzee, mama, mpwa wangu katikati na shati limelowa kwapani.

Nilianza na msikiti mkubwa wenye minara, kwa sababu hata mtu wa kochini huwezi kuukosa. Mzee akauona, akapendezwa, akauliza nani aliujenga na lini.

"Waturuki," nikasema. "Zamani."

"Zamani gani?"

"Ile ya zamani."

Tukaenda hadi kwenye nguzo ya mawe karibu na barabara kuu. Miaka tisa nilidhani ni bomba la maji lililoharibika. Kumbe ina majina ya wanajeshi waliokufa vitani, mke wangu ndiye aliyeyasoma, taratibu, huku mimi nikitikisa kichwa kama ninayethibitisha. Mzee akauliza kama katika majina yale wamo wazazi wa majirani zangu. Nikasema majirani zangu siwajui. Mpwa wangu hakulitafsiri hilo. Akasema kitu kingine, nadhani kuhusu hali ya hewa.

Hapo nikakumbuka akiba yangu. Kulikuwa na jengo moja nililokuwa nikiliona kutoka kwenye treni, lenye simba wawili wa mawe mlangoni, taa nyekundu za duara na maandishi makubwa ya Kichina ya dhahabu. Hekalu, bila shaka. Nikajisemea mzee akiona watu wake wameabudu hapa Auburn, mambo yamekwisha. Tukaenda mbio, mke wangu akinishangaa maana hajawahi kuniona nikikimbia. Nikasimama mbele ya simba, nikanyoosha mkono kwa fahari.

Mzee akasogea karibu na kioo, akavaa miwani, akasoma. Akamwambia mkewe. Mkewe akaziba mdomo.

"Anko," mpwa wangu akasema, "hiyo ni kliniki ya meno. Wametangaza ofa ya kusafisha."

Gari la polisi likapunguza mwendo kando yetu, kioo kikashuka. Askari akauliza kwa upole tunafanya nini, maana tumesimama, na ruhusa ni ya mazoezi.

"Haya ndiyo mazoezi yake, afande," mke wangu akamwambia. "Hajawahi kufika mbali hivi."

Askari alinitazama juu hadi chini, akaridhika kwamba ni kweli, akaenda zake.

Niliporudisha macho kwenye simu, mzee alikuwa amevua miwani. Aliongea kwa muda. Mpwa wangu hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Hakuna, Anko."

"Sema."

"Anauliza kama kweli unakaa hapo." Akavuta kola ya shati. "Anasema huku kuna watu hukodisha jamaa. Unalipa, mtu anakuja kukaa na wewe mezani, anajiita mjomba. Anasema mtu hawezi kukaa mahali miaka tisa asijue hata shule iliyo karibu na mlango wake. Anasema… anasema wewe ni mtu wa kukodi."

Mke wangu aliyekuwa amefungua mdomo kunitania akaufunga. Na mke wangu akiufunga mdomo, ujue jambo limeharibika. Nyuma ya mpwa wangu nilimwona yule mama akikusanya vikombe vya chai, polepole, kimoja kimoja, kama watu wanavyofanya wageni wanapotakiwa kuondoka bila kuambiwa. Nikamwona mtoto wa dada yangu, yule niliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, anatazama magoti yake. Alikuwa amevunjiwa nyumba na mtu aliyekataa kutoka ndani ya yake.

"Mwambie asikate," nikasema. "Mwambie shule ipo. Nampeleka sasa hivi."

Tukarudi. Nilipanda ngazi zetu mbili mbili, nikafungua mlango, nikavua viatu kwa mazoea, nikakaa. Ndiyo, nilikaa kwenye kochi langu, mahali pangu palipobonyea, nikaielekeza simu dirishani.

Ng'ambo ya barabara ni shule ya msingi. Uwanja wa lami, kibanda cha kuning'inizia mikoba, uzio wa chuma. Haukuwa na mtu. Karibu watoto wote walikuwa wakisoma kutoka majumbani, na siku ile geti hata halikufunguliwa.

"Hii ndiyo shule ya mlangoni kwangu," nikasema. "Jina lake sikumbuki. Mwaka wa kujengwa sijui. Lakini mwambie atulie kidogo, kengele iko karibu."

"Kengele ya nani? Hakuna watoto."

"Inajipigia. Mtambo haujaambiwa kuna korona. Mwambie atazame paa la duka la matunda, pale kushoto."

Kengele ikalia. Ililia kwa nguvu zake zote katika uwanja mtupu, ikagonga ukuta, ikarudi. Na kutoka juu ya paa la duka la matunda wakanyanyuka ndege. Ni wale ndege wakubwa weupe wenye vichwa vyeusi na midomo mirefu iliyopinda, wanaochakura mapipa ya taka ya Sydney nzima, watu hapa wakawaita kuku wa jalalani. Wakashuka uwanjani mmoja mmoja, wakajipanga kwenye mabenchi ambako watoto hula, wakasimama.

"Wanangoja makombo," nikaeleza. "Watoto hudondosha mikate. Ndege hawa wamezoea kengele, hawakuzoea watoto. Tangu shule ifungwe wanakuja kila ikilia, wanakuta patupu, na hawakati tamaa. Yule anayechechemea hutangulia kila mara. Ngoja, huyo sasa ataenda kwenye mlango wa darasa la kwanza, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza ndio wachafu zaidi."

Yule mchechemeaji akatembea kwa madaha ya mkaguzi wa elimu, akaenda kusimama mbele ya mlango wa darasa la kwanza.

Nikaendelea, maana sasa nilikuwa nyumbani na ulimi ulikuwa umerudi. Nikamwonyesha mahali kwenye uzio ambapo bibi mmoja husimama baada ya kumwacha mjukuu, na hasogei mpaka mtoto aingie darasani, kisha hubaki tena. Nikamwonyesha mistari ya mchezo wa kurukaruka ambayo mlinzi wa shule huipaka rangi upya, ingawa hakuna aliyeikanyaga tangu aipake mara ya mwisho. Nikamwambia mwalimu wa muziki hufundisha wimbo mmoja kila mwaka na kila mwaka watoto huukosea mahali pale pale, na mimi huku kochini, siku nisizokwenda kiwandani, huwa nasema, "Haya, wanakuja, wanakuja… tayari, wamekosea."

Mpwa wangu alitafsiri neno kwa neno. Chumvi ilikuwa imemwishia, au hakuihitaji.

Mzee akasogeza kiti karibu na kioo. Kisha akaanza kuongea akiwatazama wale ndege, si mimi. Alisema mwaka uliotangulia, wilaya yao ilipofungwa, yeye alikuwa nyumbani, nyuma ya ukuta wa shule yake. Kila asubuhi spika za uwanjani zilipiga muziki wa mazoezi ya viungo, na uwanjani hakuna mtoto. Hakuweza kuvumilia muziki ule upigwe bure. Akawa anatoka kwenye roshani anafanya mazoezi peke yake, mikono juu, mikono kando, mpaka muziki uishe.

Hapo mama wa chai, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akatoka jikoni akatia neno moja.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema," mpwa wangu akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona meno yake, "alikuwa anakosea kila siku mahali pale pale."

Mke wangu akacheka. Mama akacheka. Wanawake wale wawili, bila neno moja la pamoja, wakatazamana kupitia kioo kwa jicho la watu wanaolea mzigo mmoja.

Mzee akatungoja tumalize. Kisha akasema sentensi moja. Mpwa wangu akafungua mdomo atafsiri, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Yule mkalimani wa hotuba ndefu akawa bubu, anafuta macho kwa tai. Nikasema, "Wee, usinifie hapo, amesema nini?" Ndipo mlango wa chumba nyuma yao ukafunguka, akatoka msichana mwenye miwani, ambaye kwa desturi ya kwao na ya kwetu hakutakiwa kuwepo kabisa, akainama kwenye simu, akasema kwa Kiswahili cha kufundishwa, taratibu kama anayevuka maji juu ya mawe:

"Shikamoo, mjomba. Baba amekubali."

Nikasimama. Mwenyewe, bila kuambiwa.

Kulikuwa na sharti, bila shaka. Ndoa isajiliwe, hana neno. Lakini karamu, ile yenyewe ya watu, haitapikwa mpaka mjomba afike kwa miguu yake na kutembezwa upya wilaya nzima, lango kwa lango. Kwenye simu, mzee alisema, mjomba alisifia choo.

Vijana wakasajili ndoa yao kabla mwaka haujaisha. Dada yangu alipiga vigelegele vya kuvunja spika, kisha akaniambia alijua tangu mwanzo kwamba anayefaa ni mtu aliye karibu. Oktoba watoto wakarudishwa shule, na nikampigia mzee kama nilivyomwahidi. Kengele ikalia, watoto wakamwagika uwanjani wakipiga kelele, na yule mchechemeaji akapata ganda lake la mkate mlangoni pa darasa la kwanza. Mzee alitazama mpaka mwisho. Siku hizi hunipigia mwenyewe. Hatuna lugha, anaweka simu yake dirishani kwake, mimi naweka yangu kwangu, tunatazama mashule.

Ila kila akitaka kukata, hugonga saa yake ya mkononi, na hilo halihitaji mkalimani: unakuja lini? Nami namwonyesha mikono mitupu, kwamba mipaka, mzee wangu, mipaka. Watu wa hapa kwetu wanasoma habari za mipaka ya China kwa huzuni. Mimi huzisoma kwa uso wa huzuni.

Mke wangu hakudanganyika. Amenunua sanduku la safari, kubwa, la magurudumu manne, akaliweka katikati ya sebule mbele ya kochi ili nilione kila siku. Nimeliona. Lina kimo kizuri sana cha kuwekea miguu.